Sauti ya Uwanjani na Haki ya Askari wa Zamani

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya jamaa Waislamu, Kabuta



Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemneemesha binadamu kwa ulimi na kalamu.

Katika nchi ya Zambia, miongoni mwa watu wa habari za michezo hakuna aliyevuma kuliko marehemu Dennis Liwewe, aliyezaliwa mwaka 1936 na kufariki mwezi wa Aprili, 2014. Miaka mingi alitangaza mpira katika redio, hata mvuvi wa ziwa Mweru, ambaye hakupata kuutia mguu uwanjani, akauona mchezo kwa masikio yake. Mwaka 1974 timu ya taifa ilifika fainali ya Kombe la Afrika, ikatoka sare 2–2 na Zaire, kisha ikafungwa 2–0 waliporudiana. Ilishindwa, lakini haikusahauliwa. Hiyo ndiyo nguvu ya habari: humpa jina mtu aliye mbali na macho.

Basi yafaa kuuliza: ni nani aliyewatangaza wapagazi wa vita vya 1914–1918, walioitwa tenga-tenga? Watu wa Luapula, Bangweulu na Chambeshi walipiga kasia na kubeba vichwani chakula na risasi za jeshi. Waliouawa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi: kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Mapatano ya kusimamisha vita yalianza Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini Wajerumani walikuwa bado wakipigana upande wa Kasama, kwa sababu habari haijafika. Jemadari von Lettow-Vorbeck aliipata mtoni Chambeshi siku chache baadaye, akaweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba. Habari ikichelewa, roho hupotea. Na wapagazi waliorudi makwao walikuta homa kubwa ya mafua imekwisha kuingia vijijini.

Vita vya pili vikaja, na askari wa Rhodesia ya Kaskazini wakafika Burma, wakapambana na malaria pamoja na adui. Wengi wao wamekwisha kwenda mbele ya haki, na maradhi waliyorudi nayo wameyajua wake zao tu.

Mwandishi wa habari mwenye amana hamwachi mtu makofi yanapokoma. Humfuata mchezaji aliyevunjika goti na askari aliyezeeka, akauliza: Je, analala usingizi? Dawa anaipata wapi? Nani humpeleka zahanati? Kisha huandika yaliyo kweli tu, kwa maana Suratul Hujurat imewaamrisha waumini kuhakikisha habari kabla ya kuipokea.

Enyi vijana wa Kabuta, kazi hii haihitaji kiwanda cha magazeti. Daftari na kalamu zatosha. Nendeni kwa wazee na wajane wa askari, na kwa wachezaji wa zamani. Andikeni jina, mwaka, vita au timu, ugonjwa na haja. Someni mlichoandika mbele ya mwenyewe, akiridhia ndipo mkipeleke kwa jumuiya ili asaidiwe. Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya ndugu yake, na daftari litawakumbusha nani hajatembelewa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awape vijana kalamu za kweli. Amin.