Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ulevi wa Watalii na Wajibu wa Wenyeji

(Nakala ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo katika mikutano yetu husemwa pembeni wakati wa chai, na mara chache sana huandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Jambo lenyewe ni watalii wanaolewa kupita kiasi katika nchi za watu, na namna wenyeji wanavyolikabili.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tunaposhughulika na utalii, mara nyingi tunaishia kwenye nusu ya kwanza ya methali hii. Tunahesabu ndege zilizotua, vyumba vilivyojaa na fedha za kigeni zilizoingia. Nusu ya pili, ile ya mwenyeji kupona, hatuihesabu. Leo tungependa tuitazame hiyo nusu ya pili.

Tutaanza mbali na kwetu, katika sehemu ambazo zimeishi na tatizo hili kwa muda mrefu na zimejaribu njia nyingi za kulitatua. Tukishaona walichojifunza, tutarudi kwenye mwambao wetu.

Visiwa vilivyoelemewa

Mallorca ni kisiwa cha Hispania katika bahari ya Mediterania. Pamoja na Ibiza, Menorca na Formentera, kimo katika kundi la visiwa vya Balearic, lenye wakazi takriban milioni 1.2. Mwaka 2023 visiwa hivyo vilipokea watalii zaidi ya milioni 17. Wengi wao ni familia na wazee wanaotafuta jua na mapumziko, wala hawamsumbui mtu. Tatizo limejikusanya katika mitaa michache: Magaluf, inayopendwa na vijana wa Uingereza; Platja de Palma, inayopendwa na Wajerumani; na eneo la West End katika mji wa Sant Antoni huko Ibiza.

Wakazi wa mitaa hiyo wamezoea mambo ambayo hakuna mtu angependa kuyazoea. Kelele ni za usiku kucha. Watu hukojoa kwenye milango ya nyumba na kutapika ngazini, na ugomvi huzuka barabarani alfajiri wakati wengine wanakwenda kazini. Lililo baya zaidi ni mchezo wa kuruka kutoka roshani ya hoteli kuingia katika bwawa la kuogelea, au kuvuka kutoka roshani moja hadi nyingine. Kule wameupa jina la balconing. Madaktari wa hospitali kuu ya Palma waliandika juu ya wagonjwa 46 wa namna hiyo waliopokelewa kati ya mwaka 2010 na 2015. Karibu wote walikuwa wanaume, umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 24, na karibu wote walikuwa wamekunywa pombe. Kwa wastani walianguka kutoka kimo cha mita 8 hivi.

Tunaitaja habari hii ili tusije tukamfanya mgeni kuwa adui. Kila mmoja wa vijana hao alikuwa na mama nyumbani aliyesubiri simu.

Kijana huyo akiwa kwao hakojoi mlangoni kwa jirani. Kwao anajulikana. Yupo mwajiri wake, yupo polisi wa mtaa, yupo shangazi atakayesikia. Akiwa ugenini hakuna anayemjua, na baada ya siku saba anaondoka. Hilo ni kweli, na hata sisi wenyewe tukisafiri tunaweza kujisahau.

Lakini kuna jambo la pili ambalo tungependa mlishike. Kuna mtu aliyemuuzia kijana huyo ulevi huo. Aliuziwa safari ya bei nafuu yenye vinywaji ndani yake. Alipofika alikuta tangazo la kulipia glasi moja na kupewa mbili. Akakuta na mtu ambaye kazi yake ni kumtembeza baa hadi baa, pamoja na boti inayozunguka baharini ikiuza pombe na muziki. Ulevi ule ulikuwa bidhaa iliyopangwa, ikatangazwa na kuuzwa, na faida ikaenda kwa wachache. Uchafu wake uliachwa kwa mhudumu wa chumba, muuguzi wa zamu ya usiku na mama anayeishi ghorofa ya juu ya baa.

Wenyeji walivyoitikia

Mwitikio wa kwanza ulikuwa hasira. Mwezi Agosti 2014, katika mtaa wa Barceloneta mjini Barcelona, watalii watatu walitembea uchi barabarani mchana. Wakazi, ambao walikuwa wamechoka kwa muda mrefu, waliandamana siku kadhaa, wakadai pia nyumba za kupangisha watalii bila kibali zifungwe. Huko Mallorca, Agosti 2023, wanaharakati waliweka kwenye fukwe za Manacor mabango ya Kiingereza yaliyoonya juu ya viwavi wa baharini na kudai kwamba ufuo umefungwa. Chini yake, kwa herufi ndogo za Kikatalani, waliwaambia wenyeji wasiogope, kwani tatizo ni wingi wa watalii. Mwaka 2024 maelfu ya watu waliandamana mjini Palma, hasa kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda.

Hasira hiyo ilikuwa na sababu, nayo iliwafanya viongozi wasikilize. Hata hivyo, hasira peke yake haifungi baa. Pia ina hatari ya kumpiga asiyehusika, kama bibi aliyekuja na wajukuu zake kuogelea.

Mwitikio wa pili ulikuwa sheria. Tarehe 17 Januari 2020 serikali ya visiwa vya Balearic ilipitisha amri ya kupambana na utalii wa kupita kiasi katika yale maeneo matatu tuliyoyataja. Ofa za kulipia kinywaji kimoja na kupewa viwili zilipigwa marufuku. Ziara za kutoka baa hadi baa zilikatazwa. Maduka hayakuruhusiwa kuuza pombe kuanzia saa 3:30 usiku hadi saa 2 asubuhi. Leseni mpya za boti za starehe zilisimamishwa. Katika hoteli za malipo ya pamoja, vinywaji vya kileo viliwekewa kikomo cha vitatu wakati wa chakula cha mchana na vitatu wakati wa chakula cha jioni. Anayeruka kutoka roshani hufukuzwa hotelini. Faini kwa biashara zinazokiuka vibaya sana zinaweza kufika euro 600,000.

Tazameni jinsi amri hiyo ilivyopangwa. Sehemu kubwa yake inamfunga muuzaji, na sehemu ndogo inamfunga mnywaji. Walielewa mahali mto unapoanzia. Hata hivyo haikumaliza tatizo. Mwaka 2024 ilibidi iongezewe nguvu, na faini ya kunywa pombe barabarani katika maeneo hayo ikawekwa kati ya euro 500 na 1,500.

Mwitikio wa tatu ulitoka kwa wafanyabiashara wenyewe. Mwaka 2022 mikahawa 11 ya Platja de Palma iliungana na kukataa kumhudumia mtu aliyevaa nguo za kuogelea au jezi za mpira. Nguo si dhambi, lakini walikuwa wanatangaza aina ya mgeni wanayemkaribisha. Mkahawa mmoja ungeogopa kupoteza wateja. Kumi na moja kwa pamoja wanaweza.

Mwitikio wa nne ni kumwambia mgeni kabla hajafika. Wakazi wa Amsterdam, Uholanzi, waliwahi kukusanya saini 6,000 kupinga baiskeli kubwa za kubeba watu wanaokunywa bia wakiwa barabarani, na mwaka 2017 baiskeli hizo zikaondolewa katikati ya mji. Mwezi Machi 2023 halmashauri ya mji huo ilianza kampeni iliyowalenga wanaume wa Uingereza wenye umri wa miaka 18 hadi 35. Kijana aliyetafuta kwenye intaneti ziara ya ulevi mjini humo alioneshwa filamu fupi ya mtu anayekamatwa na polisi au kukimbizwa hospitali, pamoja na ujumbe kwamba kama hilo ndilo analolifuata, asije.

Mji wa mtoni

Mfano wa mwisho unatoka kwa watu ambao hali yao inakaribiana zaidi na ya kwetu. Vang Vieng ni mji mdogo nchini Laos, kandokando ya mto Nam Song. Vijana kutoka nchi za mbali walikuwa wakielea mtoni juu ya tyubu za matairi, wakisimama kwenye baa za kando ya mto kunywa, kisha wakirudi majini. Kwa mwaka 2011 peke yake iliripotiwa kwamba hospitali ya mji iliandika vifo vya watalii 27. Mwaka 2012 serikali ilizifunga baa hizo.

Wenye baa na waliokodisha tyubu walipoteza kipato, na hatupaswi kulificha hilo. Lakini baadaye mji uligeukia mitumbwi, mapango na kupanda milima, na wageni wa aina nyingine wakaja. Hata hivyo, Novemba 2024 watalii sita walifariki baada ya kunywa pombe inayoshukiwa kuwa na sumu ya methanoli katika mji huohuo. Kwa hiyo ulinzi si kazi ya mara moja. Na anayekosa ulinzi anaweza kuwa mgeni mwenyewe.

Tuje kwetu

Zanzibar ilikuwa na watu karibu milioni 1.9 katika sensa ya mwaka 2022. Mwaka 2024 ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Ukilinganisha wageni na wenyeji, bado hatujafika walipo Mallorca, nasi tunamshukuru Mungu kwamba wageni wetu wengi ni watu wa heshima. Lakini njia ni ileile: safari za bei nafuu, hoteli zenye vinywaji visivyohesabiwa, na karamu za usiku ufuoni. Vijiji vya mwambao wetu vina misikiti, makanisa na madrasa karibu na fukwe hizo. Majirani zetu Waislamu wanaumia kwa jambo hili kama sisi, na mara nyingine zaidi yetu.

Lakini watoto wetu wanakula kutokana na hoteli hizo. Tusijifanye hatulijui hilo. Binti anayefua mashuka, kijana wa jikoni, mvuvi anayeuza pweza, hata papasi wa ufuoni, wote wanamtegemea mgeni. Kusema "wafukuzeni" ni rahisi kwa yule ambaye si yeye atakayekosa karo.

Kwa hiyo tunazo rai nne.

Kwanza, kamati zijue habari za leseni. Nchini Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliweka saa za kuuza pombe na kukataza baa kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule. Baadaye kazi ya leseni ikaenda kwenye kaunti. Tanzania Bara, leseni za vileo ziko mikononi mwa serikali za mitaa. Kikao cha leseni kikifika, mjumbe wetu awepo, akiwa na maneno yaliyoandikwa. Ni rahisi kuweka masharti kabla ya baa kujengwa kuliko baada ya miaka kumi ya malalamiko.

Pili, tuwasikilize wafanyakazi. Tuwaulize mabinti na vijana wetu: je, mnaruhusiwa kukataa kumuuzia aliyelewa? Mgeni akikushika bila ridhaa yako, unamwambia nani? Ukitoka zamu saa 8 usiku, unarudije nyumbani? Majibu yao yafike kwa meneja kwa jina la kamati, asije mmoja akapoteza kazi kwa ajili ya wote.

Tatu, tukae pamoja na wenye hoteli, viongozi wa kijiji, maimamu na vijana wa ufuoni, tukubaliane mambo machache: mwisho wa muziki, mahali pa kunywea, na nani huitwa mambo yakiharibika. Mgeni ayasome siku anapoingia, kwa lugha yake.

Nne, ndugu wafadhili, hii ni yenu. Baadhi yenu mnatoka katika nchi ambazo vijana hao wanatoka. Mnaponunua safari, ulizeni kwa nini ni rahisi hivyo, na nani analipa kilichopunguzwa. Katika parokia zenu, zungumzeni na vijana kabla hawajapanda ndege. Msaada huo hauhitaji hundi, nasi tutaupokea kwa shukrani ileile.

Kuna methali nyingine: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ile hafungwi kwa chuki. Hufungwa asipotee na asiliwe na mwewe, mpaka atakapoijua njia ya nyumba. Na anayeifunga ni mwenyeji. Tukimwachia muuza pombe kazi hiyo, hataifanya, kwa sababu faida yake iko kwa kuku aliyepotea.

Tunazisihi kamati zote zilizopo ufukweni ziweke ajenda hii katika kikao kijacho, na zituletee taarifa fupi ya walichokubaliana na wenye hoteli.