Kipimo Kimoja kwa Watu Wote



Leo napenda kusema nanyi juu ya mtu awatendeaye wote sawasawa kazini, leo na kesho. Mara nyingi mwenyewe hajui kuwa huo ni uwezo; watu humwita mkaidi.

Mtazameni muuza mahindi wa Kawangware. Kipimo chake ni gorogoro, kopo la bati lipatalo kilo mbili hivi. Wako wauzaji waligongao kitako kikaingia ndani, mnunuzi akapoteza konzi ya nafaka asijue. Mwingine kopo lake ni zima, lakini jirani humjazia mpaka likafanya kichuguu, na mgeni humfutia ukingoni. Huyu ni mgumu kumkamata: mkaguzi wa vipimo haoni kosa katika kopo, maana kosa li mkononi.

Huko Kibera maji huuzwa kwa mtungi wa lita 20. Mabomba yakauka, bei yapanda. Muuzaji wa haki humpandishia kila mtu, hata dada yake, na aliyetangulia kufika ndiye atekaye kwanza. Dada hununa mpaka jioni. Lakini mama aliye kazini humtuma mtoto wa miaka minane na fedha mkononi, wala hana haja ya kumfuata.