Kwani Nalipwa?



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya watu wasiolipwa. Nianze na shule moja ya mji wa Burbank, jirani na Chicago, Marekani. Tarehe 21 Desemba 2000, wanafunzi wa shule hiyo walisimama kwa zamu mbele ya kipaza sauti, wakauliza maswali yao na kusubiri majibu. Majibu yalitoka juu sana, kilomita kama 400 hivi kutoka ardhini. Aliyejibu ni Bill Shepherd, mkuu wa wanaanga watatu wa kwanza kuishi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.

Nani aliyewaunganisha? Mwenye haraka atasema: serikali, na mamilioni yake. Ni kweli, kituo kile kimejengwa kwa fedha za madola makubwa. Lakini redio ile ilikuwa kazi ya watu wa redio za ridhaa. Hawa ni mafundi, walimu na wastaafu waliofanya mtihani wakapewa leseni ya kurusha mawimbi hewani, na hawaruhusiwi kuyafanyia biashara. Kila mmoja ana shughuli yake ya kumpatia riziki. Redio ni mapenzi tu.

Mapenzi hayo hayakuanza jana. Mwaka 1983 mwanaanga Owen Garriott alikwea na redio ndogo katika chombo Columbia, akazungumza na wenzake wa ridhaa waliokuwa ardhini. Alikuwa wa kwanza kufanya hivyo. Baada yake mitambo ya ridhaa ilipelekwa mingine katika vyombo vya Marekani, mingine katika kituo cha Warusi kilichoitwa Mir. Kisha ikaja habari ya kituo kimoja cha mataifa mengi. Je, kila taifa lingetundika antena yake? Novemba 1996 wajumbe wa nchi nane walikutana Houston wakakubaliana kufanya kazi chini ya jina moja, ARISS. Tangu hapo hupanga kwa pamoja nani atengeneze nini na shule ipi ipewe nafasi.

Hapa ndugu zangu naomba tutulie kidogo. Wengi wetu tukisikia neno kujitolea, tunaelewa kazi ya kufanya ukipata nafasi. Mtu asipofika, ukimwuliza, anakujibu: kwani nalipwa?

Watu hawa wakijibu hivyo, kazi imekwisha. Kituo kile hukimbia kilomita kama 28,000 kwa saa, na huizunguka dunia yote kwa dakika 90 hivi. Kikichomoza upande mmoja wa shule, mna dakika kama kumi tu kabla hakijazama upande wa pili, na muda wote huo antena lazima ikifuate. Fundi akichelewa dakika tano, amekula nusu ya zamu ya watoto. Mtoto aliyejiandaa miezi mingi kwa swali moja atakaa chini bila kuliuliza.

Na kama kituo hakipiti vizuri juu ya shule, mtu wa kujitolea wa nchi nyingine, tuseme Australia au Ubelgiji, hukinasa kwa antena zake, na sauti hupelekwa shuleni kwa njia ya simu. Huenda mtu huyo ameamka usiku wa manane kwa ajili ya watoto ambao hatawaona maishani.

Mwaka 2020 walipeleka mtambo mpya. Kituoni, upande wa Warusi umeme ni volti 28, na upande wa Wamarekani ni volti 120. Wangeweza kuvutana umeme wa nani ufuatwe. Badala yake walihangaika kwa miaka kadhaa mpaka wakapata mtambo unaokubali umeme wa pande zote mbili. Na kabla haujaruhusiwa kuondoka, ulipaswa kuthibitishwa kwamba hautawadhuru wanaanga. Mkaguzi wa mambo hayo haulizi kama fundi alilipwa.

Shule zilizozungumza na wanaanga kwa njia hii zimepita 1,000. Kituo chenyewe kinazeeka, na mpango uliopo ni kukishusha baharini baada ya mwaka 2030. Chuma kitazama. Sidhani kama mtoto aliyejibiwa kutoka juu ya mawingu ataisahau siku hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Sisi nasi tuna kamati zetu: za shule, za maji, za misiba. Zikifa tunasema hazikuwa na fedha. Mara nyingi, wasikilizaji, hazikufa kwa ukosefu wa fedha. Zilianza kufa siku ile mweka hazina alipokosa kikao bila taarifa, na hakuna aliyemwuliza, maana halipwi. Wahenga walituambia kwamba ahadi ni deni. Hawakusema ni deni kwa mwenye mshahara peke yake.

Kwa hiyo wewe uliyekubali kuwa katibu wa kamati ya mtaa wako, kikao chako ni saa ngapi? Kuna mtu anasubiri zamu yake.