Malaika Wadogo na Maua ya Milango Yetu

Usiku huu twataka kuzungumza nanyi juu ya zile picha za watoto wanono wenye mabawa, walioshika maua mikononi, ambazo wengi wetu tumeziona katika kadi za sikukuu na kutani mwa nyumba. Twazipenda kwa rangi zake, wala hatuulizi zasema nini. Walakini picha za namna hii ni maneno, na asikiaye neno asijue maana yake ni kama hakusikia.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Siku moja tuliwaambia vijana wanaojifunza ualimu wachore furaha ya arusi. Mmoja alichora mtoto mwenye mabawa akimwaga mawaridi, nasi tukamsifu mbele ya wenziwe. Mwingine, kijana wa shamba, alikuwa amechora kikuba cha asumini na rehani. Aliposikia sifa zile akaigeuza karatasi yake kifudifudi. Sisi tuliiona jioni, tulipokwisha kuzikusanya. Basi tukajibidiisha kuzisoma picha hizi, ili tupate la kumwambia kijana yule.

Kwanza, watoto wale. Watu huwaita makerubi, lakini makerubi wa Biblia si watoto. Katika kitabu cha Mwanzo hulinda njia ya mti wa uzima, pamoja na upanga wa moto. Na Ezekieli aliona viumbe wenye nyuso nne na mabawa manne, wa kutisha mno. Umbo la mtoto lilitoka kwingine. Wayunani na Warumi wa kale walimchonga Erosi, mungu wao wa mapenzi, kama mtoto mwenye mabawa. Na mafundi wa Italia, kama Donatello, wakalifufua umbo hilo katika karne ya 15 na kulitia makanisani.

Karne ya 17 mtindo uitwao Baroko ulienea Ulaya. Mkutano wa Trento, uliokwisha mwaka 1563, ulikuwa umeagiza kwamba picha za makanisani ziwafundishe watu. Kwa hiyo kila kitu kilipewa kazi ya kusema. Yungiyungi jeupe lilisema usafi, waridi lilisema upendo, tawi la mtende lilisema ushindi, na la mzeituni amani. Rubens na Jan Brueghel, baina ya 1616 na 1618, walichora pamoja picha ya Bikira Maria ndani ya shada kubwa: Brueghel alifanya maua, na Rubens akafanya watu na malaika wadogo wanaolizunguka. Murillo wa Sevilla naye aliwapa malaika wake maua na matawi hayo, kila mmoja na neno lake mkononi.

Katika karne ya 19 wachoraji wengi waliurudia mtindo wa kale. Bouguereau, Mfaransa, alichora Bikira wa Mayungiyungi mwaka 1899. Zama hizo mitambo ya chapa za rangi ilikuwa imekwisha kuzifanya picha kuwa rahisi, zikasafiri mbali. Na hapa Unguja, mapadre Wafaransa walikuwa wamejenga Kanisa la Minara Miwili huko Shangani, katika miaka ya 1890.

Sasa tutoke kanisani hapo tuingie vichochoroni mwa Mji Mkongwe, tusimame mbele ya mlango wowote wa zamani. Hatutaona mtoto mwenye mabawa, kwa kuwa Waislamu hawakupenda kuchonga sura za watu. Lakini maua tutayaona tele. Mlango wa Kiarabu ni wa mraba juu, wa Kihindi una upinde. Mnyororo huzunguka fremu, samaki hukaa chini ya miimo, na katika kizingiti cha juu mara nyingine huchongwa aya ya Kurani. Na ua lenyewe mara nyingi ni ua la majini, ambalo wengi hulifasiri kuwa ni dalili ya uzazi, kama samaki alivyo dalili ya wingi.

Hapo tulisimama tukastaajabu. Yungiyungi la picha za Ulaya humea ardhini. Letu tunaloliita kwa jina hilo huota majini, kama lile la mlangoni. Jina moja, maua mawili, na maana mbili. Mwanafunzi wetu alijua kuchora la Ulaya; la mlangoni hulipita asubuhi na jioni asilione.

Hatusemi picha za wageni ni mbaya. Twasema yapasa mtu azisome za wenziwe huku amekwisha kusoma za kwao. Bibi arusi wa Unguja avaapo kikuba, harufu ile hunena furaha bila ya bawa hata moja. Na nakshi isiyosomwa haina mlinzi: mlango ukioza au ukiuzwa, hapana atakayejua neno gani limepotea.

Kesho yake tuliomba radhi darasani, tukazitundika karatasi mbili zile ubavu kwa ubavu, na kila kijana akaeleza maua yake. Yule wa shamba alizungumza zaidi.

Nanyi wasikilizaji wetu, mkipita mbele ya mlango wa kale, simameni kidogo. Muulizeni mzee mmoja jina la ua lililochongwa pale, kisha mwambieni mtoto. Kwa herini.