Mzee Aliyesema "Sijui"

Hotuba kwa wahitimu wa kisomo, Sigi, katika Milima ya Usambara

 

Leo hatukuja kufundisha a, e, i, o, u. Hizo mmezimaliza. Leo tumekuja kuzungumza habari ya tabia. Mtu anaweza kujua kusoma na bado asiwafae jirani zake. Anaweza pia kujua kusoma leo, na baada ya miaka miwili akawa hajui tena. Mambo haya mawili hatukufundishwa chuo cha ualimu. Tulifundishwa hapa hapa Sigi na mzee mmoja, maalimu wa chuo cha Kurani. Jina lake hatulitaji, kwa sababu mwenyewe hapendi kutajwa. Wenyeji mnamjua.

Wengine wenu mnasali msikitini, wengine kanisani. Hotuba hii ni yenu nyote. Tabia njema haiulizi mtu anasali wapi.

Tulipokuja hapa mara ya kwanza tulikuwa tukiandika orodha ya watu wasiojua kusoma. Tulipita nyumba kwa nyumba. Tulimkuta mzee huyu barazani, watoto wamemzunguka na vibao vyao. Tulimwamkia, akatuitikia, akatupa kiti. Tukamwonyesha karatasi yetu yenye herufi kubwa, tukamwomba asome. Aliitazama akasema, "Herufi hizi sizijui, wanangu." Basi tukaandika mbele ya jina lake: HAJUI KUSOMA.

Akauliza, "Mmeandika nini?" Tukamwambia. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akachukua karatasi yake akaandika mstari mmoja kwa herufi za Kiarabu, akatupa. "Haya, someni hiyo. Ni Kiswahili tu." Hatukuweza. Akasema, "Basi tuko sawa. Zenu sizijui, zangu hamzijui. Mkitaka tutafundishana."

Ndugu zetu, tuliona haya. Mzee yule alikuwa akisoma na kuandika tangu utotoni, zaidi ya miaka 60. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla ya herufi hizi tunazotumia leo. Barua, hati za mashamba na tenzi ziliandikwa hivyo. Nasi tulimhesabu kuwa mjinga kwa sababu hakujua herufi tulizozijua sisi. Aliyekuwa hajui siku ile alikuwa nani?

Lakini somo kubwa lilikuwa bado linakuja.

Jirani yake ni mama mjane mwenye shamba la iliki. Mwezi uleule alikuja mnunuzi. Walikubaliana kwa mdomo kwamba atanunua mavuno ya msimu mmoja. Mnunuzi akaleta karatasi, akamwambia mama atie dole gumba. Mama akasema, "Ngoja kwanza nimpelekee maalimu."

Sasa fikirini. Mzee huyu anaheshimiwa kijiji kizima. Watu wanamletea ndoa, mirathi na ugomvi. Mnunuzi amesimama mbele yake na watu wanatazama. Angeweza kuitazama karatasi, akatikisa kichwa na kusema, "Ni nzuri, tia dole." Nani angejua? Wangapi kati yetu tungefanya hivyo ili tusiaibike?

Mzee alisema kwa sauti, watu wote wakasikia: "Herufi hizi mimi sizijui. Usitie dole, mwanangu, mpaka aisome mtu anayejua." Mnunuzi akaja juu, akasema wanamchelewesha. Mzee akarudia neno lilelile.

Kesho yake mama alituletea karatasi ile. Tuliisoma mara mbili. Haikusema mavuno ya msimu mmoja. Ilisema kwamba mama ameuza shamba lote na kila kilichomo. Shamba la mama yule, na chakula cha wanawe wanne, viliokolewa na neno moja: sijui.

Hilo ndilo somo la kwanza. Mwanachuoni wa kweli haoni haya kusema "sijui". Wewe uliyehitimu kisomo, watu watakuletea karatasi za benki, dawa ya hospitali, barua ya mahakama. Neno usilolijua, usilibunie maana. Sema sijui, kisha uliza. Kuuliza si ujinga. Kudanganya ndiko ujinga.

Jumatatu iliyofuata tulimkuta mzee darasani, amekaa benchi la mbele. Tulimwuliza, "Maalimu, nawe umekuja?" Akajibu, "Karatasi ile ya shamba ndiyo imenileta. Mara ya pili wasinikute sijui." Umri wake ulikuwa umepita miaka 70. Alikaa benchi moja na vijana aliowafundisha juzuu ya kwanza. Walipomsahihisha alisema, "Ahsante, mwalimu." Tulipopanga siku za darasa, ni yeye aliyesema, "Jumapili asubuhi tusisome. Wenzetu wanakwenda kanisani."

Somo la pili ndilo hilo: unyenyekevu. Nalo hakulianza yeye. Baada ya masomo alikuwa akitusimulia habari za masheikh wa pwani yetu. Habari nyingine tulizikuta baadaye katika vitabu.

Bagamoyo aliishi Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani kutoka Manyema, nchi ya Kongo, akiwa mtoto mtumwa. Alinunuliwa na tajiri mmoja wa Kiarabu wa mji ule. Baadaye alijitafutia riziki kwa biashara ndogo, pamoja na kuuza samaki. Alipata elimu ya dini, akafungua chuo chake, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa mmoja wa masheikh wakubwa wa pwani yote. Mtu aliyenunuliwa kwa fedha alifuatwa na waungwana ili awafundishe. Basi asiwepo hapa wa kusema, "Mimi mtoto wa maskini, kusoma si kwangu."

Mombasa alikuwako Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Aliona watu hawajui mambo ya dunia yao, hata ya dini yao, akaanza kuwaandikia. Mwaka 1930 alitoa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti lililoitwa Al-Islah, maana yake matengenezo. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, mpaka alipofariki mwaka 1947. Ninyi msomao gazeti la vijijini, mjue kwamba kazi hii ina wazee wake. Karatasi ndogo si kitu cha kudharau.

Na hapa karibu, mjini Tanga, alikuwako Sheikh Ali bin Hemed el-Buhriy, aliyekuwa kadhi. Aliandika kwa Kiswahili sheria za mirathi na za nikahi katika Uislamu, na vitabu vyake vikafasiriwa kwa Kiingereza. Angeweza kuificha elimu ile ili watu wamfuate yeye tu kila siku. Aliiandika, ili mjane na yatima wajue fungu lao.

Somo la tatu ni amana. Kwa miaka mingi watu wa hapa wamempelekea maalimu wetu barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu awasomee. Siri ngapi zimepita mbele ya macho yake! Deni la huyu, talaka ya yule, ugonjwa wa fulani. Hatujamsikia mtu akisema kwamba siri yake imetoka barazani kwa maalimu. Ninyi nanyi mtasomewa na kusomeana, siku hizi hata ujumbe wa simu. Jirani akikupa simu yake umsomee, msomee yeye peke yake. Usianze kwa mkeo, ukamalizia sokoni.

Somo la nne ni kudumu. Hili ndilo linalotutia wasiwasi zaidi sisi maofisa wa elimu.

Sikilizeni hesabu hii. Mwaka 1967, Tanzania Bara, katika kila watu wazima 100, watu 67 hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miembe, makanisani, misikitini na kwenye maghala. Mwaka 1986 wasiojua walikuwa wamebaki kama 10 tu katika 100. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba wasiojua wamefika karibu 30 katika 100. Sababu ziko nyingi. Moja tunaiona kila tunapotembelea vijiji: watu walipewa cheti, wakakiweka sandukuni pamoja na kitabu. Kusoma kusikotumika hufa, kama jembe lisilolima linavyoliwa na kutu.

Mbona maalimu hakusahau kwa miaka 60? Tulilala kwake usiku mmoja, mvua ilikuwa imekata njia. Kabla ya alfajiri tulisikia maji ya udhu, kisha tukaona mwanga wa taa. Aliposwali alifungua msahafu, akasoma kidogo, akaufunga, akachukua jembe. Tukamwuliza kama anafanya hivyo kila siku. Akasema, "Kidogo, lakini kila siku. Hata nikiwa na homa, nasoma mistari miwili." Hiyo ndiyo ibada yake, na hiyo ndiyo iliyomlindia elimu yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Tumalizie na jambo moja. Mzee alikuwa na kitabu kimoja kikubwa alichokifunga kwa kitambaa. Mwanawe alimletea zamani kutoka Tanga. Ni tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kadhi. Aliitoa kwanza sehemu kwa sehemu, na kitabu kizima kikatoka Nairobi mwaka 1969. Kimeandikwa kwa herufi hizi zetu. Kwa miaka yote ile maalimu alikuwa anakitunza na hawezi kukisoma.

Siku aliyofaulu kisomo alikifungua mbele yetu. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho wa ukurasa alinyamaza kitambo, akafuta macho. Kisha akasema, "Haya wanangu, sasa na ninyi leteni kibao. Mliahidi."

Basi nasi tumeanza. Alifu tunaijua, be na te pia. Jimu bado inatusumbua.

Ndugu wahitimu, tukitoka hapa kila mmoja ashike mambo manne. Usichokijua, sema sijui. Usione haya kufundishwa na mdogo wako. Siri ya mwenzako uliyoisoma, ihifadhi. Na kila siku, kabla ya kushika jembe au kabla ya kulala, soma ukurasa mmoja, na ukichoka sana, mistari miwili.

Tutarudi msimu ujao wa iliki. Tutakapokuja hatutauliza vyeti viko wapi. Tutauliza jana usiku mlisoma nini.