Shaba Mbele ya Forodha

Leo tunaizungumzia shaba inayopita bandari ya Dar es Salaam, na jinsi forodha inavyoitambua.

Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba yake. Tarakimu sita za mwanzo ni za mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, unaotumika tangu 1988. Afrika Mashariki tumeongeza mbili, zikawa nane.

Namba ya shaba hufuata hatua iliyofikia. Mawe yaliyotoka mgodini, hata yakisagwa na kuchenjuliwa yakawa makinikia, ni 2603. Yakishayeyushwa, yanahamia sura ya 74. Vile vibamba vya shaba iliyosafishwa vinavyoletwa na malori kutoka Kongo na Zambia ni 7403. Shaba chakavu, kama ile wanayonunua watu wa vyuma chakavu Kariakoo, ni 7404.

Sasa hapa tega sikio. Namba 2603 haisemi ndani ya kontena mna shaba kiasi gani. Makinikia ni unga mzito wa rangi ya kijivu. Yenye shaba nyingi na yenye shaba kidogo huwezi kuyatofautisha kwa macho.

Uzito wa jambo hili ulionekana Mei 24, 2017, Ikulu ya Magogoni, Profesa Abdulkarim Mruma, mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi, alipomkabidhi Rais John Magufuli ripoti ya makontena 277 ya makinikia yaliyozuiwa bandarini. Ilikuwa imetangazwa kwamba shaba ni asilimia 20. Kamati ikasema wastani ni 26. Kwa kontena la tani 20, tofauti hiyo ni kilo 1,200 za shaba. Kwa makontena yote, zaidi ya tani 330. Acacia, kampuni ya uchimbaji iliyokuwa ikisafirisha makinikia hayo, iliyapinga matokeo ya kamati, na mjadala ukaendelea kwa miaka.

Kwa hiyo, wewe wakala wa forodha au mfanyabiashara wa madini, usiishie kwenye namba. Sampuli ichukuliwe kabla kontena halijafungwa lakiri, ipimwe maabara, na cheti kiambatane na nyaraka. Una shaka na namba? Iombe Mamlaka ya Mapato uamuzi wa awali kwa maandishi, mzigo ukiwa bado ghalani.

Mrabaha unaolipwa serikali kwa shaba inayochimbwa nchini ni asilimia 6 ya thamani. Thamani ikikosewa, anayepunjwa ni Mtanzania, na meli ikishang'oa nanga hatuwezi tena kupima hapa nchini. Tupime mapema, tuandike ukweli.