Gundi ya mkorosho nayo ni mali

Msikilizaji, kila msimu tunasikia bei za minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kutoka kwenye mkorosho, inayopigiwa mnada ni korosho ghafi. Gundi inayochuruzika kwenye majeraha ya shina na kukaukia hapo, rangi ya asali, haimo kwenye hesabu.

Nchini Brazil, asili ya mkorosho wenyewe, watafiti wameitumia gundi hiyo kutengeneza chembe za madini ya fedha zilizo ndogo kuliko nanomita 100. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Gundi huyeyushwa katika maji, hutiwa chumvi ya fedha, kisha hupashwa moto. Maji yakigeuka manjano au kahawia, ujue sukari za gundi zimeitoa fedha kwenye chumvi, na gundi hiyohiyo imezivika chembe zisishikamane. Kemikali kali kama sodiamu borohidridi haihitajiki. Maabara zimeonyesha kuwa chembe hizo huzuia bakteria.

Hiyo bado si dawa. Usalama wake kwa mwili, na kwa mito yetu, lazima upimwe. Upimwe na nani? TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichobobea katika korosho, kiko mkoa jirani wa Mtwara. Kazi ianzie hapo pamoja na vyuo vikuu vyetu, na RUNALI ishirikishwe tangu mwanzo, mkulima asije akatangaziwa bei ya gundi yake wengine wakishagawana faida.